Dakika Kumi za Mwalimu, Saa Tano za Msaidizi

Mzazi wa Mombasa anayemtafutia nafasi ya gredi ya kwanza mtoto mwenye mahitaji maalumu huambiwa maneno mawili, na yote mawili huambiwa kwa upole. La kwanza ni kwamba shule haimkatai mtoto yeyote. La pili ni kwamba itambidi aje na mtu wa kukaa na mtoto darasani. Katika shule za binafsi za Nyali na Bamburi mtu huyo hulipwa na mzazi juu ya karo. Katika shule za umma za Kisauni, Changamwe au Likoni, mara nyingi ni mama mwenyewe, au binti wa jamaa aliyemaliza kidato cha nne na bado hajapata kazi, ndiye anayejibana kwenye dawati dogo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kuanzia hapo mtoto huhesabiwa kuwa amejumuishwa: jina lake limo kwenye rejista, sare amevaa, na picha ya darasa yumo.

Hoja ya makala haya ni kwamba kumpa mtoto mtu mzima wa peke yake na kumfundisha mtoto ana kwa ana ni mambo mawili tofauti, na kwamba tumeliacha la kwanza lichukue nafasi ya la pili bila ya mtu kuuliza. Kufundisha ana kwa ana ni kazi fupi iliyopangwa, yenye shabaha ndogo inayoonekana, inayofanywa na mwalimu aliyesomea au chini ya usimamizi wake wa karibu, na ambayo tangu siku ya kwanza imepangiwa namna ya kupungua. Kukaa na mtoto ni ulinzi. Ulinzi una mahali pake, nami nitaufikia, lakini haufundishi kusoma.

Wako waliotangulia kuliona hili kwa gharama kubwa kuliko yetu. Uingereza iliajiri wasaidizi wa darasani kwa wingi, na wengi wao walipangiwa kazi na watoto wenye mahitaji maalumu. Kati ya mwaka 2003 na 2008 watafiti walioongozwa na Peter Blatchford wa Institute of Education, London, waliwafuatilia maelfu ya wanafunzi wa shule za England na Wales ili kujua wasaidizi hao wameleta manufaa gani. Walichokikuta kiliwashtua wengi: wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao waliofanana nao ambao walipata msaada kidogo. Msomaji atasema, bila shaka ni kwa sababu waliopewa msaada mwingi ndio waliokuwa na matatizo makubwa. Watafiti nao walilifikiria hilo, wakazingatia mahitaji ya kila mtoto na kiwango alichokuwa nacho mwanzoni, na bado tofauti ikabaki. Huko Marekani, Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake walikuwa wameeleza mwaka 1997 namna mtoto ambaye msaidizi habanduki ubavuni pake anavyotengwa na wenzake hali yumo darasani, anavyozoea kumngoja mtu mzima kwa kila jambo, na namna mwalimu wa darasa anavyoacha taratibu kumhesabu kuwa ni mwanafunzi wake.

Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake, akijua kwamba yule wa pembeni ana mtu wake, atamwondoa kwenye hesabu ya somo bila hata ya kukusudia. Swali litakwenda kwa wengine, daftari litasahihishwa na msaidizi, na mwisho wa muhula mwalimu atalazimika kumuuliza msaidizi huyo mtoto anaendeleaje ili apate cha kuandika kwenye ripoti. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayehitaji ujuzi mkubwa zaidi wa ualimu anakabidhiwa mtu asiye na ujuzi wowote wa ualimu, na kadiri mahitaji yake yanavyokuwa makubwa ndivyo saa zake na mtu huyo zinavyoongezeka. Sisemi haya kuwalaumu wasaidizi. Utafiti wa Blatchford na wenzake haukuwalaumu. Ulionyesha kwamba waliingizwa darasani bila kujua somo la siku hiyo, bila muda wa kuzungumza na mwalimu, na wakabaki kushughulikia jambo pekee waliloweza kuliona kwa macho, yaani kazi iliyoandikwa ubaoni iishe kabla ya kengele. Kazi ilikwisha kweli, ila nani aliyeifanya ni suala jingine.

Kwetu hapa hali ni hiyo hiyo, na kuna jambo la ziada. Mtaala unaelekeza kwamba gredi ya kwanza hadi ya tatu zifundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo kwa sehemu kubwa ya Mombasa ni Kiswahili, lakini shule nyingi za binafsi, na baadhi ya za umma, hufundisha kwa Kiingereza tangu chekechea kwa kuwa ndivyo wazazi wanavyotaka. Mtoto ambaye tatizo lake ni lugha yenyewe, anayeng'ang'ana kupanga sentensi ya maneno matatu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao Mtopanga, hujikuta akisikia somo zima kwa lugha asiyoielewa, na msaidizi humnong'oneza tafsiri. Msaidizi amekuwa mkalimani, mwandishi na mlinzi kwa pamoja, na mtoto hasikii sauti ya mwalimu ila kama kelele za mbali.

Nieleze kitu kimoja kwa karibu. Katika shule moja ya umma upande wa Kisauni alikuwepo mvulana wa miaka 8, gredi ya pili, ambaye faili lake lilisema kwamba ni mzito wa kuelewa. Alisoma "mbuzi" kama "buzi", "ndizi" kama "dizi", "nguo" kama "guo". Msaidizi wake, msichana mwema na mvumilivu, alikuwa akimtamkia neno, naye akilirudia sawasawa, kisha alama ya vyema inatiwa daftarini. Kurasa zilijaa vyema. Mwalimu mmoja mwenye stashahada ya elimu maalumu alipopata nafasi ya kukaa naye peke yake asubuhi kabla ya gwaride, hakumpa neno hata moja la kusoma. Alipanga vizibo vya soda mezani akamwambia asogeze kimoja kila anaposikia neno linaloanza kwa kufunga midomo na kupitisha sauti puani. Walipotazamana, mtoto hakukosea mara nyingi. Mwalimu akachukua daftari, akaziba mdomo wake nalo, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Vizibo vikaanza kwenda ovyo.

Mtoto alikuwa akisoma midomo. Kumbe masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa mdogo, jambo ambalo nyumbani lilionekana la kawaida kwa kuwa dada zake pia walipitia hivyo, na shuleni hakuna aliyeliuliza. Alichohitaji kwanza ni daktari wa masikio, pili ni kiti cha mbele upande ambao mwalimu huelekea anapozungumza, na tatu ni mwalimu wa darasa aache kusema huku akiandika ubaoni. Hayakumaliza shida zake zote. Hadi leo ufahamu wa hadithi humpa taabu. Hata hivyo, swali ninalolitaka hapa ni kwa nini dakika zile chache zilitoa jibu ambalo saa tano kwa siku, mwaka mzima, hazikulitoa. Mwalimu yule alikuwa akitafuta mahali hasa ambapo mtoto anakwama. Msaidizi alikuwa akimvusha asikwame. Mtoto akivushwa kila mara, hakuna atakayejua kikwazo kiko wapi, na mtoto mwenyewe hatajua.

Kwa hiyo thamani ya kwanza ya kazi ya ana kwa ana ni uchunguzi. Ni wakati pekee ambapo mwalimu anaweza kuliona kosa likizaliwa: jicho linakwenda wapi, kidole kinasita wapi, ni silabi ipi inayorukwa, ni swali lipi linalomfanya mtoto atazame dirishani. Mtoto mwenye hali ya Down, ambayo ni hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza, kwa mfano, kwa kawaida hushika vizuri zaidi anachokiona kuliko anachokisikia tu, na mwalimu anayejua hilo ataweka picha na neno lililoandikwa mbele yake badala ya kuongeza sauti. Mtoto mwenye usonji anaweza kujua jibu barabara na asiweze kulitoa kwa kuwa swali limeulizwa kwa njia ambayo hakuizoea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy) anaweza kuwa na akili timamu kabisa iliyofungiwa ndani ya mikono na ulimi usiomtii. Hayo yote hayaonekani kutoka ubaoni.

Thamani ya pili inatokana na jambo dogo ambalo walimu wengi hulipuuza, nalo ni kungoja. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu humpa mwanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu kabla ya mwalimu kujijibu, kurudia au kumpa mwingine. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kusema. Hao walikuwa watoto wa madarasa ya kawaida. Mtoto ambaye ubongo wake unahitaji muda zaidi kupokea swali, kulitafuta jibu na kuupanga mdomo ulitamke, hawezi kuupata muda huo mbele ya wenzake 59 walionyanyua mikono wakiita "mwalimu, mimi, mimi!" Akiwa peke yake na mwalimu anaweza kuupata, kwa sharti kwamba mwalimu mwenyewe ameyaweza maradhi ya kutaka kujibu. Ukimwangalia msaidizi asiyefunzwa utaona kwamba kimya humtia wasiwasi kuliko kosa, kwa hiyo hukijaza.

Sasa, kipindi cha namna hii kinapaswa kuwa kirefu kiasi gani? Jibu linalotolewa na kazi nyingi zilizofaulu ni kwamba kiwe kifupi, cha mara kwa mara, na kiwe na mwisho. Marie Clay wa New Zealand, aliyeanzisha katika miaka ya 1970 mpango wa kuwasaidia watoto wa miaka 6 waliokuwa nyuma katika kusoma, aliwapa nusu saa kwa siku na mwalimu aliyefunzwa kwa kazi hiyo, kwa wiki kati ya 12 na 20, kisha mtoto akatolewa. Baadhi ya mbinu zake zimepingwa baadaye, hasa ile ya kumhimiza mtoto akisie neno kwa kutazama picha au maana ya sentensi, na mimi sioni sababu ya kuileta kwetu, ambako maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi na mtoto akishazijua silabi zake hana haja ya kukisia. Lakini mpango wake wa muda ulikuwa sahihi. Uingereza nako imeonekana kwamba wasaidizi wale wale walioshindwa walipokaa na mtoto siku nzima huleta faida wanapofunzwa kuendesha vipindi vifupi vyenye utaratibu maalumu, mara kadhaa kwa wiki, kwa muhula mmoja au miwili, huku vikiunganishwa na kinachofundishwa darasani.

Kuwa na mwisho si suala la bajeti peke yake. Ni sehemu ya ufundi. Wataalamu wa tibakazi, yaani tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku, humfundisha mtoto kufunga vifungo vya shati kwa kuanzia mwisho: mtu mzima hufunga vyote, akabakisha kimoja cha chini ambacho tayari kimepitishwa nusu kwenye tundu lake, na mtoto akakimalizia. Siku nyingine hubakishwa kimoja kizima, kisha viwili, hadi siku ambayo mtu mzima hafungi hata kimoja. Kila siku mtoto ndiye anayemaliza kazi, na kila siku msaada umepungua kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe hakukihisi. Hivyo ndivyo msaada wa masomo pia unavyopaswa kupangwa. Mwalimu aanze kwa kuushika mkono ulioshika penseli, kisha aguse kifundo tu, kisha aonyeshe kwa kidole, kisha atazame. Msaidizi ambaye mwezi wa Novemba anaushika mkono wa mtoto vile vile alivyoushika mwezi wa Februari ameshindwa, hata kama daftari ni safi.

Watu wa pwani hawapaswi kuiona kazi ya mmoja mmoja ndani ya umati kuwa jambo geni lililoletwa na wataalamu wa ng'ambo. Anayekijua chuo cha Kurani cha Kibokoni au Majengo anajua kwamba watoto 50 huketi mkekani, kila mmoja na mahali pake katika msahafu au juzuu yake. Mmoja bado yuko kwenye herufi na irabu zake, wa pili yuko Juzuu Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu. Mwalimu humwita mtoto mmoja akasoma mbele yake, akamsahihisha, akampa darsa mpya au akamrudisha kwenye ya jana. Wakati huo wengine wanadurusu, na wakubwa wanawasikiliza wadogo. Hakuna anayeona aibu kwamba mwenziwe wa rika moja amemtangulia kwa sura 10, kwa sababu hakuna aliyeahidi kwamba wote watafika pamoja. Sisemi kwamba chuo ni pepo ya mtoto mwenye mahitaji maalumu. Kiboko kimo, kukariri bila kuelewa kumo, na wako watoto waliorudishwa nyumbani kwa kuwa eti hawashiki. Lakini mpangilio wake wa muda umejibu swali ambalo shule zetu hulitaja kuwa haliwezekani kujibiwa: mwalimu mmoja anawezaje kukutana na kila mtoto mahali alipo.

Nami nakiri kwamba hesabu ya shule ni ngumu kuliko ya chuo. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003 madarasa ya umma yamejaa, na mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka hauwezi kuajiri mtu yeyote wa maana. Vipindi vya gredi za chini ni vya dakika 30. Hata hivyo, tuchukue darasa la watoto 60 lenye watoto wanne wanaohitaji kazi ya ana kwa ana. Dakika 10 kwa kila mmoja kila siku ni dakika 40. Ni nyingi, lakini tayari zimetawanyika ndani ya siku ya shule: wakati wenzao wananakili zoezi, wakati wa kusoma kimya, robo saa ya kabla ya gwaride ambayo watoto wa Kongowea na Mishomoroni waliofika mapema huimaliza wakikimbizana uwanjani. Tena hapa ndipo msaidizi anapopata kazi yake halisi. Badala ya kukaa na mtoto mmoja ili mwalimu awafundishe 59, awasimamie wale 59 wanapoandika ili mwalimu apate dakika 10 na yule mmoja. Ni watu wale wale, na mishahara ni ile ile. Kilichobadilika ni nani ameketi na nani. Shule ikikataa hata hilo, basi tatizo lake si uhaba wa watu.

Nadhani upinzani mkubwa utatoka kwa wazazi wenyewe, na ninauelewa. Mama aliyeuza samaki wa kukaanga mwaka mzima ili amlipe msaidizi hatafurahi kusikia kwamba msaidizi huyo anazunguka darasani akiangalia watoto wa watu. Kwake, yule ni wa mwanawe. Shule inapomtaka mzazi agharamie msaidizi imeyafunga matumizi ya mtu huyo kwa mtoto mmoja, na kwa hivyo imejizuia yenyewe kumtumia vizuri. Ndiyo maana ninaona kwamba sharti la "njoo na mtu wako", mbali na kuwa zigo lisilo la haki kwa mzazi ambaye Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kimemhakikishia mwanawe elimu ya msingi ya bure na ya lazima, ni sharti linaloharibu ufundishaji wenyewe. Msaidizi awe wa shule, aajiriwe na bodi ya shule, na apewe maagizo na mwalimu wa darasa.

Wako watoto ambao hawawezi kuachwa hata dakika moja. Mtoto wa kifafa ambacho bado hakijadhibitiwa kwa dawa, mtoto mwenye usonji anayechomoka mbio kuelekea barabara ya matatu, mtoto asiyeweza kujigeuza kitini wala kwenda msalani. Hawa wanahitaji mtu mzima karibu, na anayesema vinginevyo hajawahi kuwa nao siku nzima. Kwa baadhi yao jibu ni shule maalumu, na Mombasa haijakosa historia katika hilo: iko Shule ya Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, ya Likoni kwa wasioona, ya Ziwani kwa viziwi, ya Tom Mboya kwa wenye mtindio wa ubongo. Kifungu cha 54 cha Katiba chenyewe kinasema mtu mwenye ulemavu apate elimu katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii kwa kiasi kinachoafikiana na maslahi yake, na kwa maoni yangu kiasi hicho hupimwa kwa mtoto, hakipimwi kwa kauli ya mkutanoni. Ila hata kwa mtoto wa namna hii ulinzi na ufundishaji vitenganishwe kwa uwazi. Anayemlinda amlinde saa zote. Anayemfundisha awe mwalimu, na zile dakika zake chache zisiliwe na kazi ya kumfuta mate.

Na kwa kuwa tunazungumzia mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, ambaye pengine hawezi kusimulia lililompata, kuna sharti ambalo halina mjadala: mlango uwe wazi au kazi ifanyike mahali penye kuonekana, na shughuli za msalani zijulikane ni za nani na zinafanywa vipi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya dhuluma. Shule zetu nyingi hazijaugeuza wajibu huo kuwa kanuni za vyumba vyake zenyewe. (Nimeona zaidi ya chumba kimoja cha mafunzo maalumu kilichopakwa rangi nzuri, chenye kibao cha mfadhili mlangoni na kufuli juu yake. Kufuli hilo nalo si usalama. Mara nyingi ni kuogopa vifaa visiibiwe.)

Jambo la tathmini ndilo linalonitatiza zaidi. Kenya ilianzisha huduma za kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ikafuata mwaka 1986. Misingi ni mizuri. Lakini mzazi wa Likoni anayevuka kwa feri na mtoto asiyetulia ili afike kwenye ofisi ya tathmini, mara nyingi hurudi na karatasi yenye jina la hali ya mtoto na pendekezo la shule; karatasi ambayo haimwambii mwalimu wa gredi ya kwanza aanze wapi Jumatatu asubuhi. Kujua kwamba mtoto ana "matatizo ya kujifunza" hakutoshi. Wengi wa watoto wetu hawana hata jina moja lililo wazi. Tafiti za miaka mingi zilizofanywa jirani zetu Kilifi, pale KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na washirika wake walipoweka kituo mwaka 1989, zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali iliyofika kwenye ubongo hubaki na matatizo ya lugha, kumbukumbu na umakini, au na kifafa. Mtoto kama huyo hutembea, hucheka, hucheza mpira, na huingia darasani akiwa sawa na wengine machoni pa kila mtu. Hatapelekwa popote kutathminiwa. Atakayemtambua ni mwalimu aliyekaa naye.

Ndiyo maana matokeo ya dakika zile 10 yanapaswa kuandikwa, na yaandikwe kwa maneno ya kazi: anatambua silabi zipi na anachanganya zipi, anahesabu vitu hadi ngapi kabla ya kupoteza, hufanya nini anapochoka, msaada upi umeshaondolewa. Ukurasa mmoja unatosha. Mpango wa elimu wa mtoto binafsi, ambao walimu wa elimu maalumu hufundishwa kuuandaa, ulikusudiwa kufanya kazi hiyo, lakini shuleni umegeuka fomu ndefu inayojazwa siku mkaguzi anapotarajiwa.

Ukurasa huo ungekuwa na manufaa makubwa zaidi mahali ambapo sasa taarifa hupotea kabisa. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea, na kuiachia serikali ya kitaifa shule ya msingi. Mwalimu wa PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea, ni mwajiriwa wa Kaunti ya Mombasa. Mwalimu wa gredi ya kwanza, hata kama darasa lake liko ng'ambo ya ukuta huo huo, ni wa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Mwalimu wa chekechea amekuwa na mtoto miaka miwili. Anajua kwamba akisikia king'ora hujificha chini ya meza, kwamba hushika penseli kwa mkono wa kushoto wanapomwacha, kwamba hutamka maneno vizuri zaidi anapoimba. Mwezi wa Januari mtoto anahamia mlango wa pili, na hakuna kati ya hayo linalohama naye. Mwalimu mpya huanza kumsoma upya, na kufikia wakati wa likizo ya Aprili mzazi ameshaombwa alete mtu wa kukaa na mtoto. Ofisi ya elimu ya kaunti na ile ya wizara zingeweza kukubaliana juu ya karatasi hiyo moja, na juu ya nusu saa ya walimu hao wawili kukaa pamoja kwa ajili ya kila mtoto wa namna hii, mwezi wa Novemba kabla shule hazijafungwa.